Sajenti na Watu Wake

Jenerali David Musuguri alipofariki Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104, redio zetu zilirudi kwenye Vita vya Kagera kwa siku kadhaa. Tulisikia tena habari za Divisheni ya 20 aliyoiongoza, za Mutukula na Masaka, za Kampala kuanguka Aprili 1979. Nilifurahi kuona nchi inamkumbuka. Mzee yule aliingia jeshini enzi za Mwingereza, akaliona jeshi jipya likizaliwa, na akastaafu mwaka 1988 akiwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Lakini katika vipindi vyote nilivyosikiliza, waliozungumzwa ni makamanda. Mimi ni mtoto wa sajenti, na ninachotaka kuandika hapa ni habari za sajenti.

Baba yangu alizaliwa Songea, katika kijiji ambacho wazee walikuwa bado wanapima umri wa mtu kwa kuuliza kama alizaliwa kabla ya Vita vya Majimaji au baada yake. Bibi yake alikuwa binti mdogo Wajerumani walipowanyonga wakuu wa Kingoni pale Songea, Februari 1906. Bibi huyo hakumsimulia mjukuu wake mapigano. Alimsimulia njaa iliyofuata, baada ya maghala kuchomwa na mashamba kuteketezwa: nani alikula mizizi gani, mtoto wa nani alizikwa njiani. Nadhani ndiyo maana baba, ingawa alikuwa mwanajeshi kwa miaka 30, sikumsikia hata siku moja akiizungumzia vita kwa hamu.

Aliingia jeshini mwaka 1965. Mwaka mmoja nyuma, Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walikuwa wameasi pale Colito, kambi tunayoiita leo Lugalo. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mosi mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, mkuu wake wa kwanza akiwa Mirisho Sarakikya. Vijana wa jeshi jipya walitafutwa kwenye Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa, na baba alikuwa miongoni mwao. Walifundishwa siasa pamoja na kwata. Alisema somo lililomkaa kichwani kuliko yote ni kwamba bunduki aliyoshika si yake, ni ya wananchi, naye amekabidhiwa tu. Maneno hayo siku hizi huandikwa kwenye mabango na watu wakayapita bila kuyasoma. Baba aliyaishi, na ushahidi wake nitautoa.

Raia wengi hawaijui kazi ya sajenti. Ofisa hutoa amri, sajenti ndiye anayejua kama amri hiyo inatekelezeka. Anajua nani ana malengelenge miguuni, nani hajapata barua kutoka kwao tangu masika, bunduki ya nani inakwama, nani anaharisha na anaficha kwa kuogopa kuachwa nyuma. Baba alikuwa na kauli moja aliyoirudia mpaka uzeeni: usiyemhesabu huwezi kumwongoza. Jioni ikifika, awe kambini au porini, aliwapitia watu wa platuni yake mmoja mmoja. Kuita namba na kuitikiwa hakukumtosha. Alitaka amwone mtu usoni, na ikibidi amguse paji la uso.

Nyumbani alifanya vilevile. Alivua buti mlangoni, akatundika bereti kwenye msumari, kisha akaanza kuuliza. Kaka yenu yuko wapi? Amekula nini mchana? Yule mdogo kikohozi kimepungua? Daftari la hesabu liko wapi, nilione. Tulikuwa watoto sita, na hakugusa chakula mpaka wote sita tuwe tumetajwa na kila mmoja ajulikane aliko. Dada yetu mkubwa alipokwenda shule ya bweni, baba aliendelea kumtaja kila jioni, na mama ndiye aliyemjibia: "Yuko shuleni, mzima, barua imekuja wiki iliyopita." Hapo ndipo alipokaa kula.

Kwenye kota za wanajeshi kulikuwa na kina baba walioleta uwanja wa gwaride sebuleni. Jirani yetu mmoja aliwapanga wanawe mstari kila asubuhi na kuwaamrisha kwa sauti iliyosikika nyumba tatu mbele. Baba hakupenda kabisa. "Amri ni za kikosini," alisema. "Mtoto hakula kiapo." Msidhani alikuwa mpole kupita kiasi. Uongo aliuchukia, na deni lililopita mwisho wa mwezi lilimkosesha usingizi. Ukimkosea angeweza kunyamaza siku mbili, na ukimya ule ulikuwa mzito kuliko fimbo. Lakini kelele za kikosi aliziacha kikosini. Alicholeta nyumbani ni wajibu wa mtu aliyepewa watu awatunze.

Tuliishi Nachingwea, kisha Tabora, katika kambi ya Milambo, na baadaye kwingine. Tabora ndiyo ninayoikumbuka vizuri: miembe mikubwa, vumbi jekundu, bomba la maji la zamu, na majirani kutoka kila pembe ya nchi. Kulia Wakuria, kushoto Wahehe, nyuma yetu familia ya Pemba iliyotufundisha kula pweza mkavu. Sisi watoto wa kota hatukuwa na lugha nyingine ya kuchezea ila Kiswahili. Nchi niliijua kwa majirani kabla ya kuiona kwenye ramani.

Na hapa lazima nimseme mama, kwa sababu kila ninapowasikia watu wakiusifu utumishi wa baba, namkumbuka yeye aliyeulipia. Mama alikuwa mshonaji. Kila uhamisho ulipokuja, karatasi iliandikwa jina la baba, lakini aliyepoteza ni mama. Alipoteza wateja aliowapata kwa miaka miwili, bustani ya mchicha iliyokuwa imeanza kutoa, zamu yake kwenye upatu, na mashoga aliowazoea. Alijua kuifunga nyumba nzima kwa usiku mmoja: cherehani kwanza, vyombo ndani ya sufuria kubwa, nguo ndani ya mashuka, na watoto juu ya mizigo. Tulipofika kambi mpya alianza upya, na ndani ya wiki kadhaa mlio wa cherehani yake ulikuwa umerudi. Baba aliliona hilo na alilisema waziwazi. Alipopandishwa cheo kuwa sajenti, tepe tatu za kwanza alimkabidhi mama azishone mwenyewe kwenye mkono wa shati, akatuambia sisi watoto tusogee tutazame.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na Novemba mosi Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, karibu kilomita za mraba 1,800 za nchi yetu, ni mali ya Uganda. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Kota nzima ilikuwa imezizunguka redio chache zilizokuwepo, na aliposema kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, wanaume walipiga makofi. Wanawake hawakupiga. Nilikuwa na miaka kumi, na tofauti ile niliiona.

Baba aliondoka kwa treni kwenda Mwanza, na kutoka huko wakavushwa ziwa hadi Bukoba. Kabla ya kutoka alituhesabu, kila mmoja kwa jina. Kaka yangu alitegemea kuambiwa kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba, kama rafiki zake walivyoambiwa na baba zao. Baba alimwambia, "Mkuu wa nyumba hii ni mama yako. Wewe kazi yako ni maji na kuni." Nimezisikia hotuba nyingi za heshima kwa wanawake. Sijasikia iliyokuwa fupi na wazi kuliko ile.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kusubiri. Kila saa mbili usiku kina mama walikaa barazani kusikiliza taarifa ya habari ya Redio Tanzania. Mchana walisikiliza kitu kingine: Land Rover ya kikosi. Gari lile likiingia kota taratibu, na ndani yake ameketi ofisa na padri au ofisa na shehe, kila mwanamke alisimama alipokuwa na kuomba lisisimame kwake. Liliposimama kwa mtu, wengine wote walikimbilia hapo. Nilimwona mama akiacha nguo ya mteja chini ya sindano ya cherehani na kukimbia bila viatu. Usiku ule watoto wa nyumba ile walilala kwetu, na wakaendelea kulala kwetu mpaka ndugu zao walipokuja kuwachukua.

Barua za baba zilikuwa fupi na hazikuwa na vita ndani yake. Aliuliza hali ya kila mmoja wetu kwa mpangilio wa kuzaliwa. Aliuliza kama bati la jikoni limezibwa kabla ya mvua. Mara moja aliandika kwamba Uganda kuna ndizi nyingi na watu wema, basi.

Aliporudi alikuwa amekonda, na sauti kubwa ya ghafla ilimfanya ageuke haraka. Kwa miezi mingi hakuweza kulala usiku kucha. Nikiamka kwenda msalani nilimkuta ameketi barazani, anavuta shati lake mabegani, anaangalia barabara. Mama alimletea chai na kukaa naye bila kumuuliza kitu. Alichosimulia baadaye kilikuwa miguu: namna jeshi letu lilivyotembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia, matope ya Lukaya penye vinamasi pande zote mbili za barabara, soksi zilizooza, na mlio wa makombora ambayo Waganda waliyaita saba saba. Nani alimpiga nani, hilo hakulisimulia, na sisi tulijifunza kutouliza.

Kitu kimoja alikisimulia kikamilifu. Katika platuni yake alikuwemo kijana wa Kisukuma, mwembamba, mwimbaji, aliyekuwa akiwaanzishia wenzake nyimbo wakati wa kutembea. Kijana huyo alipita Masaka, akapita Lukaya, akaingia Kampala bila mchubuko, halafu akafa kwa malaria wiki chache baadaye, mji ukiwa umekwisha kutulia. Baba aliwahi kuona watu wakifa kwa risasi, na hilo alilikubali kama sehemu ya kazi. Kifo hiki hakukikubali. Alisema risasi haiombi ruhusa kwa sajenti, lakini homa huanza jioni, na jioni ndio wakati wa sajenti kuwapitia watu wake. Jioni ile alikuwa ametumwa kwingine.

Likizo yake ya kwanza baada ya vita hakwenda Songea. Alinichukua mimi, tukapanda lori kuelekea Shinyanga kuwatafuta wazazi wa kijana yule. Jeshi lilikuwa limekwisha kuwapelekea habari na haki zao kwa utaratibu wake, na hakuna aliyemtuma baba. Tulifika saa za asubuhi kwenye mji wenye ng'ombe wachache na mti mmoja wa kivuli. Baba alikuwa amevaa kiraia. Alimwamkia mzee kwa Kisukuma cha kubabaisha, "Mwangaluka," kisha akajitambulisha. Mzee hakulia. Alituletea viti, akamwita mkewe, akasubiri mpaka mama huyo akae. Ndipo akauliza swali moja tu: alikufa akiwa na nani?

Baba aliwaambia wote waliokuwepo hospitalini, mmoja mmoja, kwa jina na mahali anapotoka. Aliwaambia kijana aliomba maji mara ngapi na nani alimpa. Aliwaambia pia kwamba yeye mwenyewe alifika akiwa amechelewa, na hakutafuta maneno ya kulainisha. Yule mama akawa anatikisa kichwa kila jina lilipotajwa, kama anayeyaweka mahali. Tulilala pale. Asubuhi mzee alitusindikiza mpaka barabarani, na tangu mwaka ule hadi alipofariki waliandikiana na baba kama ndugu.

Niliyoyajifunza pale ni mengi kuliko niliyofundishwa shule. Watu waliofiwa hawakutaka kusikia kwamba mtoto wao ni shujaa. Hilo walikuwa wameambiwa tayari. Walitaka kujua hakuwa peke yake. Tangu hapo, kila ninapokwenda msibani najitahidi kupeleka habari ya kweli kuhusu marehemu, hata kama ni ndogo, badala ya sifa.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa nchi nzima. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na mikanda ikaendelea kufungwa muda mrefu kuliko hapo. Tulipanga foleni za sabuni, tukala unga wa njano. Mwanajeshi alikuwa na nafuu kidogo kwa sababu ya duka la jeshi, na wapo waliolangua sukari ya duka hilo mitaani. Baba alikataa hata kuzungumzia jambo hilo. Sukari ikizidi nyumbani, na kwa watoto sita haikuzidi mara nyingi, ilikwenda kwa mjane wa ile nyumba ambayo Land Rover ilisimama. Huu ndio ushahidi niliouahidi. Mtu anayejua kwamba amekabidhiwa tu, hujulikana wakati wa uhaba.

Mwaka 1987 alipelekwa Msumbiji, wakati Tanzania ilipoisaidia serikali ya huko dhidi ya waasi wa Renamo. Hapo mama alikasirika, na ni mara pekee niliyomsikia akipaza sauti. "Baba watoto, utawazika watu wa nchi ngapi?" alimuuliza. Baba alikaa naye usiku mzima jikoni. Sijui walizungumza nini, ila asubuhi mama mwenyewe ndiye aliyempangia begi. Wenzake kadhaa wamelala Naliendele, Mtwara. Yeye alirudi mwaka uliofuata, na safari hii sauti za ghafla hazikumshtua tena, jambo ambalo mama alisema lilimtisha zaidi.

Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992, wanajeshi walitakiwa kutokuwa wanachama wa chama chochote. Baba alikuwa na kadi ya TANU kisha ya CCM tangu ujana wake. Aliirudisha bila manung'uniko. Alisema jeshi likiwa na upande, siku moja litahesabu nusu tu ya wananchi.

Alistaafu mwaka 1995 akiwa Afisa Mteule Daraja la Pili, na yeye na mama wakarudi Songea kulima mahindi. Kiinua mgongo kilijenga nyumba ya bati na kumnunulia mama cherehani mpya. Miaka michache walikuwa na maisha waliyokuwa wameyaahirisha tangu waoane: kukaa mahali pamoja, na kuvuna walichopanda.

Kisha mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakampotea. Alitibiwa Peramiho, akarudishwa nyumbani, na daktari akatueleza kwamba sasa kinachotakiwa ni uangalizi: kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, kumlisha taratibu asipaliwe, kumnyoosha viungo asubuhi na jioni. Sisi watoto tulianza kupanga nani amlete mfanyakazi kutoka wapi. Baba alisikiliza, akachukua kalamu, akagawa usiku kwa zamu kama anavyopanga walinzi wa lindo. Zamu ya saa nane usiku, ile ambayo kila askari huikwepa, alijiandikia yeye mwenyewe kwa wiki zote.

Alifua kanga zake na kuzianika. Alimsuka nywele, vibaya mwanzoni, baadaye vizuri. Wanaume wa kijijini waliokuwa wakipita kwenda kwenye ulanzi walimwona akiwa na beseni, na mmoja akamwambia kwamba mzee wa heshima kama yeye angetafuta binti wa kazi hiyo. Baba aliendelea kukamua kanga. "Huyu alinilindia nyumba nikiwa vitani," alimjibu, "sasa zamu ni yangu." Alifanya hivyo kwa miaka, mpaka mama alipofariki mwaka 2012, na ngozi ya mama haikuwa na kidonda hata kimoja. Wauguzi waliokuja kumtazama walituambia kwamba hata wodini si rahisi kuona hivyo.

Watu wakiniuliza baba yangu alikuwa askari wa namna gani, sianzi na Kagera. Naanza na ngozi ya mama. Vitani mtu hubebwa na wenzake, na amri, na hofu ya kuonekana mwoga. Saa nane ya usiku kijijini hapakuwa na kamanda wala nishani. Palikuwa na taa ya chemli na mtu asiyeweza hata kusema ahsante, na baba aliamka.

Naye alifariki mwaka 2016. Jeshi lilileta wawakilishi na bendera, na kijana wa tarumbeta aliyepiga vizuri sana. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake la bati tukakuta daftari la shule, lenye majina ya watu wa platuni yake ya mwaka 1978. Mbele ya kila jina ameandika kijiji, jina la balozi wa nyumba kumi, mke au mama, na idadi ya watoto. Aliliandika Bukoba, kabla ya kuvuka, kwa sababu alitaka ajue pa kwenda kama kitu kingetokea. Majina mengi yana alama ya vema na tarehe, na ndipo tulipoelewa zile safari zake za basi za baada ya kustaafu, ambazo alizieleza kwa neno moja tu, matembezi. Tarehe mojawapo ni ya safari yake ya Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa kule Muleba.

Majina machache hayana alama. Vijiji vingine vimegawanywa, mabalozi wa wakati ule wamekufa, lakini watoto wale waliohesabiwa kwenye daftari wako hai, na sasa ni watu wazima wa rika langu. Kaka yangu anakwenda Tarime mwezi ujao na majina mawili. Mimi nimempata mjukuu wa mwingine kwa njia ya simu, yuko Mbeya, na ametuomba tumpelekee nakala ya ukurasa wenye jina la babu yake.